Muulize Sista: Ngiri ya mtoto, matundu au kisu?

Toleo lililopita nilijibu swali moja fupi tu la uvimbe wa kinena kwa mtoto nikadhani yameisha, kumbe nimefungua geti. Meseji zimekuja mpaka simu ikajaa, na karibu zote zinazunguka palepale: nimeambiwa mtoto ana ngiri, nimesikia kuna upasuaji wa matundu madogo, nifanyeje. Kwahiyo leo ukurasa wote ni ngiri. Nimekaa wodi ya upasuaji ya watoto miaka mingi, hili jambo naliona kila wiki na linaniuma kwasababu watoto wanaoumia ni wale waliocheleweshwa. Nimefupisha barua baadhi, zingine nimeziacha kama zilivyo.

*

Sista shikamoo, mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume ana miezi mitano niko Temeke, mwanangu akilia sana au akijikamua choo kinatokea kitu kama yai la kienyeji upande wa kulia kwenye kinena halafu akitulia kinarudi chenyewe, bibi yake anasema hilo ni chango tumfunge kitambaa na kuna mzee mtaani anachanja, kliniki wameniambia ni ngiri anatakiwa operesheni. Nimeogopa jamani miezi mitano si bado mdogo sana? Jirani kanambia siku hizi kuna upasuaji wa matundu hata mtoto hachanwi. Je nisubiri akue afike hata miaka mitatu ndo afanyiwe hayo matundu? – Mama Shamsi

Marahaba mama Shamsi. Kwanza hujakosea kitu, hukumbeba vibaya, hukumwacha alie mpaka "akapasuka" kama watu wanavyosema. Mtoto huyu alizaliwa na njia iko wazi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwako korodani zake zinaanzia juu huko karibu na figo, ikifika kama mwezi wa saba wa mimba zinashuka kupitia kinena mpaka kwenye mfuko wake, na zikishuka zinavuta utando wa ndani ya tumbo unakuwa kama kidole cha glavu kimeingia kinenani. Hicho kidole kinatakiwa kizibe. Kwa watoto wengine hakizibi, basi mtoto akilia au akikohoa au akijikamua, utumbo unachungulia humo na wewe unaona yai. Upande wa kulia ndio unaopata zaidi kwasababu korodani ya kulia inachelewa kushuka. Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi yao tumboni, 1 mpaka 5 wanayo hii kitu, na wa kiume ni wengi kuliko wa kike mara kadhaa.

Sasa ukishaelewa hivyo utaona kwanini kitambaa hakisaidii. Tatizo halipo kwenye ngozi wala msuli uliolegea, ni mrija ulio wazi kwa ndani, ukifunga kitambaa kwa nje utabana kile kilichoingia na mrija uko palepale. Na huyo mzee wa kuchanja, tafadhali sana, nakuomba kama mama mwenzio, wembe usifike hapo. Chini ya ile ngozi ya mtoto wa miezi mitano kuna utumbo. Nimeshapokea mtoto aliyekuja na chale zimeoza na ngiri yake iko vilevile.

Kusubiri miaka mitatu, hapana. Ngiri ya kinena si ya kutegemea kwamba itajiziba, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja ndiye ambaye ngiri yake iko kwenye hatari zaidi ya kunasa, yaani utumbo unaingia halafu mlango unaubana haurudi, damu inakatika kwenye utumbo, hata korodani ya upande huo inaweza kukosa damu. Dalili zake zishike kichwani: uvimbe umetoka na haurudi hata akitulia, umekuwa mgumu, ukigusa anapiga kelele, ngozi juu yake inageuka rangi, anatapika, tumbo linajaa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kumpigia bibi, ni bodaboda au bajaji au chochote mnakwenda hospitali, na usimnyonyeshe njiani kwasababu huenda akahitaji usingizi wa operesheni.

Kuhusu matundu, jirani hajakudanganya kwamba yapo, ila matundu nayo ni operesheni mama Shamsi, mtoto analazwa usingizi uleule na kuna uzi unafungwa ndani. Kama hospitali iliyo karibu na wewe ina daktari wa upasuaji wa watoto anayefanya kwa mchano mdogo wa kinenani, sentimita mbili au tatu kwenye mkunjo wa ngozi, akakupa tarehe ya karibu, chukua tarehe. Ukiacha ile tarehe ukasubiri matundu ya mwakani utakuwa umefanya biashara mbaya. Na kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye hospitali za serikali sera yetu Tanzania ni matibabu bure, kwahiyo nenda dirisha la ustawi wa jamii uliza kabla hujaanza kuuza vitu.

*

Assalaam alaykum Sista. Mimi ni Mpemba niko Muscat kikazi na familia. Mwanangu wa kiume umri miaka 6 ameonekana ana ngiri kushoto na daktari hapa ametushauri laparaskopi, yaani upasuaji wa matundu. Mimi mwenyewe nilifanyiwa ngiri mwaka juzi wakaniwekea wavu, nikakaa wiki kadhaa siinui kitu. Nataka kujua mtoto naye atawekewa wavu? Akikua si utambana? Na wanafanyaje hasa huko ndani kwa matundu hayo, ngiri haitarudi? Na swali la mwisho samahani, je kuna madhara kwa uzazi wake baadae? Mama yake halali.

Wa alaykum salaam baba, na mpe pole mama wa mtoto. Wavu hapana. Yako na ya mwanao zinaitwa jina moja lakini si ugonjwa mmoja. Wewe mtu mzima ukuta wa tumbo ulichoka ukalegea, ndo maana ukawekewa wavu kuushikiza. Mtoto ukuta wake ni mzima kabisa, ana mrija tu ambao haukuziba, ukifungwa pale unapoanzia kazi imeisha. Kwahiyo kwa mtoto ni uzi peke yake, hakuna kitu cha kumbana akirefuka.

Umeuliza wanafanyaje na nimefurahi, wengi wanaogopa kuuliza halafu wanajaziwa na mtaa. Mtoto akishalala wanatoboa tundu dogo kitovuni, wanaingiza hewa ukaa taratibu kwa presha ndogo tumbo linyanyuke kidogo wapate nafasi ya kuona, halafu inaingia kamera nyembamba, milimita tatu mpaka tano, picha inakuja kwenye skrini kubwa. Pale ndani mlango wa ngiri unaonekana waziwazi, kama tundu la sindano lililopanuka pembeni ya mishipa ya korodani na ule mrija wa kupitisha mbegu. Kuanzia hapo madaktari wanatofautiana. Wengine wanaongeza matundu mawili ya milimita tatu kwa vyombo vyao na kushona uzi kuzunguka mlango kama mdomo wa mkoba wa kamba, wanavuta, unafunga. Wengine wanatumia njia ya sindano, hii ilitangazwa mwaka 2006 na Dariusz Patkowski na wenzake wa Wrocław huko Poland: kamera inabaki kitovuni, na badala ya vyombo vingine wanapitisha sindano yenye uzi kutoka juu ya ngozi pale kinenani, inazunguka nusu ya mlango, inarudi tena inazunguka nusu nyingine, fundo linafungwa na kujificha chini ya ngozi. Kovu lake utalitafuta kwa tochi. Kazi ngumu pale ni moja, kuruka ule mrija wa mbegu na mishipa ya damu bila kuibana kwenye fundo, na hilo ndo linajibu swali lenu la uzazi: hatari ya kuumiza mrija au korodani ipo kwenye njia zote mbili, kwa mchano na kwa matundu, ni ndogo na inategemea sana mkono. Ngiri iliyoachwa ikanasa inaiharibu korodani kirahisi zaidi kuliko daktari mzoefu, mwambie mama wa mtoto hivyo.

Kurudi kunaweza kutokea, sikufichi. Kwa aliyezoea ni kama mtoto 1 mpaka 4 kati ya 100, na ile ya mchano imekaa huko chini kwenye 1. Ndo maana mimi sikubaliani na wanaosema matundu ni bora kwa kila kitu. Faida yake ya kweli naiona sehemu mbili. Moja maumivu baadae yanaelekea kuwa kidogo hasa kwa mtoto mkubwa kama wako na makovu hayaonekani. Pili kamera ikishaingia inageuzwa upande wa pili kuangalia kama nako kuko wazi, kitu ambacho kwa mchano wa kushoto huwezi kukiona. Hapa naomba uwe makini baba, kabla ya siku ya operesheni mkubaliane na daktari: akikuta kulia kuko wazi afunge au aache? Kwa watoto wengi upande wa pili unaonekana wazi lakini haufiki kuwa ngiri, kati ya 100 waliofanyiwa upande mmoja kama 7 ndo wanarudi na upande wa pili. Wapo madaktari wanaofunga papohapo ili mtoto asilazwe usingizi mara mbili, wapo wanaoacha kwasababu unaweza kufunga kitu ambacho kisingemsumbua. Mimi ningekuwa mama yake ningesema funga kama mtoto tayari amelala na mkono ni wa mtu mzoefu. Lakini ni uamuzi wenu, usiachwe uamuliwe mkiwa mmekaa nje kwenye mabenchi.

Na muulize swali moja tu bila kuona haya: daktari, wewe mwenyewe umeshafanya watoto wangapi kwa njia hii? Daktari mzuri hakasiriki.

*

sista mi nna mapacha njiti walizaliwa wiki 29 bugando wametoka juzi wana kilo 2 na kidogo, mmoja ana ngiri pande zote mbili imetoka mpk kwenye pumbu. daktari mmoja anasema afanyiwe sasa mwingine anasema asubiri kwanza sielewi nani mkweli. alafu nmesoma kuwa nusu kaputi inaharibu ubongo wa mtoto mchanga je ni kweli maana huyu ubongo wake wenyewe ndo unakua

Mama pacha hongera, kufikisha njiti wawili nyumbani si kazi ndogo. Njiti ndio wenye ngiri nyingi kuliko watoto wote kwasababu wametoka kabla mrija haujapata muda wa kuziba, na anavyozaliwa mdogo zaidi ndo uwezekano unapanda. Hao madaktari wawili wote ni wakweli, hili jambo lilikuwa linabishaniwa miaka mingi. Ukimfanyia mapema unaepuka ngiri kunasa, ila njiti akilazwa usingizi anaweza kusahau kupumua masaa kadhaa baadae, mapafu yake bado machanga. Marekani wakafanya utafiti mkubwa kwenye hospitali nyingi matokeo yakatoka mwaka 2024 kwenye jarida la JAMA: njiti waliofanyiwa kabla ya kutoka wodini walipata matatizo makubwa 28 kati ya 100, waliosubirishwa mpaka wiki 55 walipata 18. Hizo wiki 55 zinahesabiwa tangu hedhi yako ya mwisho, siyo tangu kuzaliwa. Kwa wako aliyezaliwa wiki 29 ni kama akifikisha miezi sita tangu azaliwe.

Lakini soma vizuri hapa. Wale waliosubiri walikuwa na mtu wa kuwaangalia na hospitali ya kukimbilia. Kama unakaa Mwanza mjini, dalili za kunasa unazijua, na daktari ameukubali mpango, kusubiri kuna maana. Kama unakaa kisiwani Ukerewe na kivuko kinakwenda mara chache kwa siku, mwambie daktari hivyohivyo, mwambie umbali wako, kwasababu hilo linabadilisha hesabu nzima. Sijui kwanini wagonjwa wetu hawaulizwi wanakaa wapi. Na akija kufanyiwa kabla hajakomaa, hata kama operesheni imechukua dakika thelathini, muombe alale hospitali usiku huo na mashine ya kuangalia pumzi, usikubali kurudishwa jioni.

Hilo la ubongo liliogopesha hata sisi. Bahati nzuri lilichunguzwa kwa watoto wa ngiri hawahawa. Watoto wachanga 722 kwenye nchi saba, wakagawanywa, wengine wakapewa usingizi wa gesi wengine wakachomwa ganzi ya uti wa mgongo wakiwa macho, halafu wakafuatiliwa mpaka miaka mitano wakapimwa akili. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019: hakuna tofauti, kwa usingizi mmoja usiofika saa moja. Kwahiyo usiache matibabu kwa hofu hiyo. Ila na hapa ndo nakwambia kitu cha matundu ambacho jirani zako hawasemi: kwa kachanga kama hako, mchano mdogo unaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongoni tu, matundu kwa kawaida yanataka usingizi kamili na mpira wa kupumulia kooni kwasababu tumbo limejazwa hewa linasukuma mapafu. Kwa njiti mwenye mapafu machanga mimi nisingekimbilia kamera.

*

Sista mwanangu, mimi ni bibi niko Tanga. Mjukuu wangu wa kike ana mwaka na nusu kitovu kimetoka kama embe changa, akilia kinazidi. Sisi zamani tulikuwa tunaweka shilingi na kitambaa kinarudi na nimemuwekea. Mama yake mtoto amekasirika ameitoa anasema wewe ndiye umesema haifai. Hebu nieleze, maana watoto wangu wote saba nimewafunga na vitovu vilirudi.

Shikamoo bibi. Vilirudi kweli wala sikupingi, ila vingerudi hata bila shilingi. Ngiri ya kitovu na ngiri ya kinena ni watu wawili tofauti wanaoitwa jina moja. Ya kitovu watoto wetu wa Kiafrika wanayo wengi sana na nyingi zinaziba zenyewe mpaka mtoto anafika miaka minne mitano, na kunasa ni nadra. Kwahiyo wewe uliweka shilingi, mwili ukafanya kazi, shilingi ikapewa sifa. Ubaya wake ni kwamba chini ya ile sarafu kunatota, ngozi inachubuka, uchafu unaingia, na kitambaa kikikazwa mtoto anapumua kwa shida baada ya kula. Muache tu akicheze kitovu chake. Akivuka miaka mitano bado kipo, au kikawa kigumu na kinauma, apelekwe. Na usigombane na mkweo bibi, wote mnampenda mtoto.

*

Hujambo Sista. Niko Mombasa. Binti yangu ana miezi minne, kwenye kinena cha kushoto kuna kidonge kama kunde kubwa, hakiingii wala hakitoki, halii. Shemeji yangu amecheka akasema ngiri ni ya wanaume. Nimejaribu kukisukuma kirudi hakirudi. Nimsubirie?

Sijambo, na acha kukisukuma kabisa mamangu. Ngiri kwa wasichana ipo, ni chache tu kuliko wavulana, na kile kidonge kama kunde kisichorudi kwa msichana mdogo mara nyingi ni ovari yenyewe imeingia kwenye mrija. Ovari iliyokaa pale inaweza kujinyonga. Hii siyo ya kukimbia usiku huu kama mtoto ametulia, lakini ni ya wiki hii, siyo ya mwezi ujao, na akianza kulia na hapo pamevimba pakawa pekundu ni ya sasa hivi.

Na kwa wasichana matundu nayapenda zaidi, nasema wazi. Hakuna mrija wa mbegu wa kuogopa kuuumiza, na kamera inamuonyesha daktari ovari zote mbili na mji wa mimba kwa mara moja. Felix Schier wa Ujerumani alipoandika njia yake ya kushona kwa kamera mwaka 1998 alianza na watoto wa kike. Ngiri ikiwa pande zote mbili kwa msichana daktari anaweza kuomba kipimo cha damu cha kromosomu, msishtuke wala msianze kunong'ona ukoo mzima, kuna hali chache za maumbile ya kuzaliwa zinazojitokeza kwa njia hiyo na ni vizuri zijulikane mapema. Huko Kenya tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA, kwahiyo hakikisha umesajiliwa na mtoto ameingizwa kabla ya kwenda, kuna wazazi wanafika mlangoni ndo wanagundua jina la mtoto halimo.

*

Sista mi siulizi nataka tu wazazi wasome. Mwanangu wa mwaka mmoja alikuwa na ngiri tunajua, tumepewa tarehe ikapita kwasababu baba yake alisema tusubiri mshahara, mara ya pili nikaahirisha mimi kulikuwa na msiba. Usiku akaanza kutapika njano na kulia, nikampeleka zahanati moja hawakumvua nepi wakampa dawa ya tumbo nikarudi. Asubuhi pale kinenani pamekuwa pekundu pagumu kama jiwe. Tulipofika hospitali kubwa wamekata kipande cha utumbo na korodani moja haikupona. Yupo hai anakimbia saivi lakini kila nikimuogesha naona. Je amebaki na nafasi ya kuzaa?

Mama, nimeisoma barua yako mara tatu. Ndiyo, nafasi anayo, korodani moja nzima inatosha kumfanya mwanaume kamili mwenye sauti na ndevu na watoto. Inachotaka ni kulindwa: akianza mpira mvalishe kinga ya korodani, na akikua kidogo mfundishe kwamba maumivu yoyote ya ghafla pale anakwambia saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama anaona aibu. Na mwambie historia yake mwenyewe akiwa na akili ya kuelewa, asije kuisikia kwa wenzake bafuni shuleni.

Hilo la kutomvua nepi nimekaa nalo sana. Wenzangu manesi na matabibu mnaosoma huu ukurasa, mtoto anayetapika na kulia avuliwe mpaka chini, kila mara, hata foleni iwe imefika barabarani. Na nyie wazazi mkiona hajavuliwa mvueni wenyewe mseme "angalia na hapa". Angefika ile usiku huenda wangeweza kumtuliza kwa dawa na daktari akaurudisha utumbo taratibu kwa mikono, kwa watoto wengi inawezekana kama muda haujapita, halafu anafanyiwa operesheni baada ya siku moja mbili uvimbe ukipungua. Lakini urudishaji huo ni wa daktari, usijaribu nyumbani.

*

Za haraka haraka sasa.

Aliyeuliza korodani imevimba siku ya tano baada ya operesheni: maji na damu kidogo vinakusanyika pale mrija ulipofungwa, inapungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ikiwa na homa, usaha, au imekuwa ngumu na inauma sana, rudi.

Mama wa Arusha ambaye mtoto analalamika bega baada ya matundu, hajalalia vibaya wala hajaangushwa. Ni ile hewa iliyobaki tumboni inagusa kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani. Siku moja mbili inaisha. Mpe panado kwa kipimo cha uzito wake kama walivyoandika kwenye cheti, aspirini usimpe mtoto.

Aliyeuliza kuhusu pumbu lenye maji linalowaka ukimulika tochi ya simu: hiyo ni ngiri maji, kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja nyingi zinakauka zenyewe, daktari anasubiri mwaka mmoja mpaka miwili. Ila tochi isikufanye uwe daktari, utumbo wa mtoto mchanga nao unapitisha mwanga. Apelekwe aonekane.

Mliouliza kufunga kula kabla ya usingizi: chakula kizito na maziwa ya kopo masaa sita, maziwa ya mama manne, maji matupu mawili, isipokuwa hospitali yenu imesema vingine. Siyo tangu jana jioni. Watoto wetu wanakaa na njaa masaa kumi na nne kwasababu kila mtu kaongeza yake, wanafika thieta wamekauka. Na tafadhali bibi asimpe kipande cha mkate kwa huruma, mtoto mwenye chakula tumboni akitapika kwenye usingizi kinaingia mapafuni.

*

Ya mwisho imeandikwa na mama kwa maneno ya mtoto: Sista mimi nina miaka tisa naenda kufanyiwa ngiri ya matundu jumanne. Je nitaamka katikati? Na watanivua nguo mbele ya watu wote? Usimwambie baba nimeuliza.

Sitamwambia. Hutaamka katikati, kuna mtu mmoja kazi yake siku hiyo ni usingizi wako tu, amekaa kichwani kwako mwanzo mpaka mwisho haondoki, anaangalia pumzi zako na mapigo ya moyo wako kwenye mashine inayolia tii, tii. Utaingia na gauni la hospitali, mwambie nesi "naomba kubaki na gauni mpaka nilale" na atakubali, ukishalala watafunua pale panapotakiwa tu na kwingine kote utakuwa umefunikwa shuka la kijani au bluu. Unaweza kumuomba mama aende na wewe mpaka mlangoni, hospitali zingine zinaruhusu mpaka usinzie. Ukiamka koo litawasha kidogo na kitovu kitavuta, hiyo ni kawaida, sema usikae nayo. Omba maji, anza na vijiko viwili vitatu. Shule utarudi ndani ya wiki kama huna maumivu, mpira na baiskeli subiri wiki mbili tatu mpaka daktari aseme. Jumanne nitakukumbuka.